Diski Mbili Katika Magari Mawili

Mwanzoni mwa mwaka 2008 nilikuwa na karakana ya kompyuta katika uchochoro ulio nyuma ya maduka ya vitambaa mjini Nakuru. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa redio na taipureta. Mambo ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, nilijifunza peke yangu, kwa kusoma kurasa nilizochapisha saiba, kwenye duka la intaneti, na kuzifunga kwa uzi, na kwa kuharibu mashine zangu mwenyewe kabla ya kugusa ya mtu mwingine. Nilifanya kazi polepole, na wateja waliopenda haraka walikwenda kwingine.

Wakati huo, baada ya ghasia za uchaguzi, mji ulikuwa kimya kwa namna isiyotuliza. Maduka yalifunguliwa nusu mlango. Jioni ilipokaribia kila mtu alitembea upesi kwa sababu ya kafyu, na kadi za simu zilikuwa adimu kuliko sukari. Asubuhi moja soja, mlinzi wa duka la vitambaa, aliniletea mama mmoja aliyevaa koti la mwanamume, miguuni amevaa gambuti zisizolingana.

"Fundi, huyu mathe anatafuta mwenye studio ya picha," soja alisema. "Nimemwambia studio imefungwa, lakini wewe ndiwe unajua mashine zake."

Mama hakuketi.

"Zile picha wanapiga, zinakaa wapi?"

"Mimi sipigi picha, mama. Natengeneza kompyuta."

"Lakini picha ziko kwa kompyuta?"

"Ziko."

"Basi ni wewe nilikuwa natafuta."

Alikuwa na shamba upande wa Molo. Walipokimbia alimpandisha binti yake wa miaka sita kwenye lori pamoja na bibi kizee wa jirani, kisha akarudi kumsaidia mama mkwe ambaye hakuweza kutembea. Aliporudi barabarani lori lilikuwa limeondoka. Yeye na mama mkwe walifika Nakuru kwa lori jingine na sasa walikuwa wakilala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho. Lile la kwanza hakuna aliyejua lilishusha watu wapi. Wengine walisema lilisimama mahali pengi, likipunguza watu wachache wachache.

"Nimeuliza kila mahali," alisema. "Wananiambia, mama, watoto wa kike wa miaka sita ni wengi, tuletee picha. Na nyumba yangu imeungua na kila kitu."

Lakini kabla ya Krismasi, siku ya soko, alikuwa amemleta mtoto studio apigwe picha ya kupelekwa shule. Hakuwahi kuja kuichukua. Kwa hiyo duniani kote palikuwa na picha moja tu ya mtoto huyo, na ilikuwa ndani ya mashine niliyoiweka mimi.

Nilimwambia angoje, nikaenda studio. Soja wa pale alinifungulia mlango wa nyuma. Sanduku la mashine lilikuwa mahali pake, ubavu wake umefunguliwa. Ndani, pale zilipokuwa diski mbili, palikuwa na waya zinazoning'inia.

Mwenye studio nilimkuta nyumbani kwake, geti limefungwa kwa minyororo miwili. Alikuwa ametoka na familia kwenda Nairobi, gari lao likazuiwa Gilgil na kurudishwa. Familia yake ilikuwa na studio mjini humo tangu wakati wa babu yake, na katika miaka miwili iliyotangulia alikuwa amenakili kwenye kompyuta picha za zamani, harusi na ubatizo na mahafali za watu wa mji mzima. Nilipomweleza habari za mama, aliingia ndani upesi akarudi na kitu kimefungwa ndani ya soksi ya sufu.

"Iko hapa, fundi! Mimi siwezi kuacha kazi ya babu yangu."

Nilifungua soksi. Ilikuwa diski moja.

"Na ya pili, boss?"

"Ya pili iko na kaka yangu. Gari lake lilitangulia." Aliona uso wangu. "Ni desturi yetu. Tukisafiri wakati mbaya, hatuweki mali yote kwa gari moja. Dhahabu ya mama, nusu huku, nusu kule. Paspoti, nusu kwa nusu. Hata watoto tuligawa. Gari moja likipotea, familia haijaisha. Usijali, nusu ya picha iko salama hapa."

"Hii si nusu ya picha," nilisema.

Nilimweleza nilivyoweza. Diski zake mbili hazikuwa kabati mbili zenye albamu tofauti. Alipotaka picha zifunguke haraka siku za harusi, nilizisuka pamoja zikawa volyumu moja, yaani hifadhi moja. Kila picha mashine iliikata vipande vidogo na kuviweka kwa zamu, kimoja huku na kimoja kule, kama anayesuka nywele kwa nyuzi mbili. Ukichomoa uzi mmoja, unaobaki mkononi si nusu ya msuko.

"Na zile sidii za nakala unazonikatia kila mwezi?"

"Ziko wapi?"

"Ziko Nairobi, na mke wangu, alikwenda kabla ya Krismasi. Lakini zinaishia Novemba." Desemba hatukuwa tumekata. Wateja wa Krismasi walikuwa wengi. "Kaka yangu hakufika Nairobi. Gari limemfia Mai Mahiu. Anakaa nyuma ya duka la spea la rafiki yetu, anangoja rejeta."

Tulijaribu kumpigia. Simu ya kaka ilikuwa imezimwa.

Sikupenda kwenda. Nilikuwa mtu wa meza na bisibisi, na barabara ya Naivasha wakati huo haikuwa ya mtu asiye na sababu. Lakini nilirudi karakana nikamkuta mama ameketi pale pale, ameikunja mikono ndani ya lile koti. Alinitazama tu mikononi, akaona diski ni moja.

Kesho yake asubuhi nilipanda lori la viazi kutoka Dundori lililokuwa likienda Nairobi katika msafara wenye askari. Dereva alinitazama vizuri kabla ya kunifungulia mlango.

"Kitambulisho uko nacho?"

"Ninacho."

"Jina lako ni la huku ama la kule?"

Nilimwambia jina langu, kwani vizuizini siku hizo watu walitambuliwa kabila kwa majina. Alifikiri.

"Hilo litatusaidia mpaka Gilgil. Baada ya Gilgil, wewe ni turnboy wangu, utingo, na umelala."

Nililala macho wazi mpaka Mai Mahiu. Malori yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za barabara chini ya mteremko, madereva wakipika chai kwenye vivuli vya tela. Duka la spea nililipata bila shida. Kaka mkubwa alikuwa nyuma yake, ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, kilemba safi kabisa katikati ya vyuma na grisi. Nilimsalimu, nikamweleza nimetumwa na mdogo wake kuchukua diski.

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Barabara, mzee."

"Barabara imekuruhusu wewe."

"Mimi nilikuwa nimelala."

Alicheka kidogo, lakini hakuinuka.

"Sikiliza, fundi. Kitu kikiingia gari la pili, hakirudi gari la kwanza mpaka wote tumefika. Baba alitufundisha hivyo. Leo nikupe, kesho wakuchome na hiyo diski, na mdogo wangu achomwe na ile ingine. Nani atabaki na picha?"

"Hata sasa hakuna mwenye picha, mzee."

"Mimi niko nazo."

"Unayo nusu ya kila picha. Yeye anayo nusu ya kila picha. Hiyo uliyo nayo, ukiifungua Nairobi, hutaona hata jicho la mtu."

Nje lori lilipiga honi, mtu akatukana, mwingine akacheka.

"Hata ya baba?" aliuliza. "Ile yake kwa baiskeli?"

"Hata ya baba."

"Dhahabu ukiigawa inabaki dhahabu," alisema polepole, kama anayemlaumu mtu asiyekuwepo. Kisha akauliza mama wa Molo ana watoto wangapi. Nikamwambia sijui, nimesikia habari za huyo mmoja tu. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. Ndani, katikati ya sweta ya mtoto, ilikuwa diski. Hakunipa. Aliliweka kopo juu ya boneti ya gari lake lililokufa, na mimi nikalichukua kutoka pale. Nadhani hiyo ilikuwa tofauti kubwa kwake.

Nilirudi na lori la unga. Tulipopita Naivasha msafara ulikatika. Malori ya mbele yalikimbia, letu lilikuwa zito. Kwenye kona moja tulikuta mawe na matairi, na vijana wakatoka kwenye majani wakiwa na rungu.

"Sasa, dere. Umebeba nini?"

"Unga."

"Na huyu mzee?"

"Ni abiria. Ni fundi."

"Fundi, shuka. Fungua hiyo kopo."

Nilishuka. Nililifungua kopo mwenyewe ili wasilivute. Aliyekuwa karibu nami, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, aliichukua diski akaipima uzito.

"Hii ni nini?"

"Ni diski ya kompyuta. Ina picha."

Nilijua nimekosea mara tu neno lilipotoka. Wote walisogea.

"Picha za nani? Mmekuwa mkitupiga picha?"

"Huyu ni wa gazeti!"

"Ni za studio," nilisema. "Harusi. Watoto. Watu wa Nakuru."

"Tuonyeshe."

"Haziwezi kuonekana hivi. Ni lazima iwe ndani ya mashine."

"Kwa hivyo wewe mwenyewe hujui kama tumo." Aliitikisa diski karibu na sikio lake, kama anayesikiliza kiberiti kilichobaki njiti chache. "Leta jiwe, tumalize hii maneno."

Nilisema kitu kimoja tu nilichokijua kwa hakika. Nilisema ni studio ile ya Nakuru yenye maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani, na ngazi ya mbao ambayo watu husimama juu yake.

Mwenye kofia alisita.

"Ile iko na tai ya kuazima? Nyekundu?"

"Nyekundu. Imeshonwa na lastiki."

"Mimi nilipigwa hapo nikimaliza darasa la nane." Aligeukia wenzake. "Buda, mzee wangu, alilipa. Nilikuwa na hiyo tai!"

"Ulikuwa mbaya hata hiyo siku," mmoja alisema, na wengine wakacheka.

"Basi na wewe umo humu," nilisema. Nilikuwa na hakika ya kutosha. Mwenye studio alikuwa amenakili hata negativu za zamani.

Aliitazama diski tena. Sijui alifikiria nini. Hakuitupa, wala hakunirudishia mkononi. Aliirudisha ndani ya sweta, akaikunja sweta juu yake, akafunika kopo.

"Mzee, usinipoteze," alisema. Wenzake walimcheka tena, lakini walisukuma matairi kando.

Tulifika Nakuru jua likizama, saa ya kafyu ikikaribia. Nililifungia kopo ndani ya kabati.

Asubuhi mama alikuwa mlangoni kabla yangu, na mwenye studio alikuja kwa miguu, bila gari, kichwa amekifunika kwa kofia ya jaketi. Nilifunga mlango. Diski zote mbili nilizilaza juu ya gazeti kavu, lakini sikuzichomeka mara moja, kwa sababu kulikuwa na hatari moja iliyobaki nayo ilikuwa humu humu mezani.

Linux ya wakati ule, ukiiweka bila kuchagua jina, iliita fungu la diski zake VolGroup00. Mashine ya studio ilikuwa na jina hilo. Mashine yangu nayo ilikuwa na jina hilo hilo. Volyumu inapohamishwa vizuri, kwanza unaiaga: unaifunga, unaiambia mashine ya zamani kwamba inaondoka, na ile mpya inaipokea kama mgeni anayetarajiwa. Hizi ziling'olewa na mtu aliyekuwa akikimbia. Zingeingia kwenye mashine yangu bila kuaga kwao wala kubisha kwangu, zikiwa na jina la mwenye nyumba. Mashine ingeweza kuchukua moja badala ya nyingine na kuanza kuandika pasipofaa. Na picha ikishaandikwa juu yake, hairudi.

"Kwa hivyo?" aliuliza mwenye studio.

"Kwa hivyo nazitoa diski zangu mwenyewe. Nitawasha mashine kwa sidii, isiwe na kitu kingine ila zenu."

"Hapo imekwisha?"

"Hapo tutajua kama zinazunguka. Kisha nitazipa jina jipya, ili siku yoyote zikirudi kwenye mashine hii zisigongane."

Niliwasha. Diski ya soksi ilianza kuzunguka kwa sauti laini. Ile ya kopo ilikwaruza mara moja. Mwenye studio aliushika ukingo wa meza. Ikakwaruza tena, kisha ikanyamaza, kisha ikazunguka.

Niliandika amri ya kutafuta. Mashine ilizitaja zote mbili, na haikulalamika kwamba kuna kipande kinachokosekana. Chini ya jina palikuwa na kitambulisho halisi cha fungu lile, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, kubwa na ndogo zimechanganyika, usiofanana na mwingine wowote. Nilikuwa na desturi ya kubadilisha jina kwa kitambulisho hicho hata pale ambapo ingewezekana kutumia jina tu, na ya kutokiandika bila mtu wa pili kukisoma. Miwani yangu ilikuwa ya zamani.

"Mama, unasoma?"

"Nilifika darasa la saba."

"Nisomee hapa. Herufi moja moja. Useme kama ni kubwa au ndogo."

Aliinama karibu na kioo. Alisoma kama mtu anayehesabu vifaranga, kidole hewani, bila kugusa. Katikati alisimama.

"Hii ni sifuri ama ni o?"

Nilitazama. Nilikuwa nimekwisha kuandika o.

"Ni sifuri," nilisema, nikarekebisha.

"Basi usiende mbio," aliniambia.

Amri ilipita. Fungu lilipata jina jipya. Nililiita studio, bila mapambo. Nililiamsha, nikaifungua volyumu kwa kusoma tu, ili hata mkono wangu ukiteleza usiweze kuandika kitu. Majina ya folda yalijipanga kwenye kioo kwa miezi. Desemba ilikuwepo.

Mwenye studio aliketi mwenyewe kwenye kiti changu sasa, kwa sababu alikumbuka siku ile ya soko na kujua wateja walivyofuatana. Nyuso zilipita moja moja. Wazee wawili wenye suti. Mapacha. Bibi harusi anayepiga chafya. Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

"Rudi," alisema.

Mtoto alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mbao mbele ya maporomoko ya rangi, mikono imebanwa mapajani, uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Nilimgeukia mama nikidhani atalia. Alikuwa amekunja uso.

"Viatu si vyake," alisema.

"Viatu?"

"Hivyo vyekundu ni vya studio, mlimwazima. Wataangalia viatu. Yeye alikuwa na sandak za plastiki, za bluu. Muandike hapo chini."

Mwenye studio aliikata picha ibaki uso na mabega. Alikwenda akafungua studio, akainua mlango wa chuma usawa wa magoti, akaingia kwa kutambaa, akachapisha nakala nyingi kadiri karatasi zilivyokuwapo. Nyingine tulizichapisha kwangu, nyeusi na nyeupe. Mama aliondoka nazo kifuani ndani ya koti. Zilibandikwa kwenye hema la ofisi ya uwanja wa maonyesho, kwenye mageti ya makanisa na mbele ya vituo vya polisi, na madereva wa malori walibeba nyingine mpaka kulikofika malori.

Siku zilizofuata nilifanya kazi niliyoombwa na ndugu wawili kupitia simu iliyokatika mara kwa mara. Nilinunua diski kubwa, nikahamishia picha zote humo, kisha nikaifumua ile volyumu iliyosukwa na kuijenga upya kwa namna nyingine, kila diski ikibeba nakala nzima. Ilikuwa ya polepole kidogo, na ilijaa mapema. Mwenye studio aliuliza mara mbili kama sasa kweli zinaweza kutenganishwa. Nilichomoa moja mbele yake, nikawasha iliyobaki, akamwona baba yake kwa baiskeli. Nikarudisha, nikachomoa nyingine, akamwona tena.

"Sasa hii ni dhahabu," alimwambia kaka yake kwenye simu.

Habari ya mtoto ililetwa na mwanamke wa Dundori aliyekuja uwanjani kugawa maziwa. Aliona picha kwenye hema, akasema mtoto huyo yuko kwa jirani yake kule juu. Bibi kizee wa lile lori alishuka Dundori kwa binti yake, akaugua, na mtoto alipoulizwa jina alisema anaitwa Mami, kama alivyoitwa kwao. Alipoulizwa jina la mama yake, akasema anaitwa Mama. Hakuna aliyejua pa kuanzia.

Studio ilipofunguliwa rasmi mama alikuwa amekwisha kumchukua mtoto, wakaingia wote wawili, na mimi nilikuwa pale nikikaza waya. Sandak zilikuwa bado ni zile za bluu. Mwenye studio alitaka kumpiga mtoto peke yake kwenye ngazi, bila malipo, ile pozi ya mwanzo. Aliishusha taa, akaleta viatu vyekundu.

Mtoto alimshika mama koti.

"Hapana," mama alisema. "Tupige wote wawili."

Walisimama chini, mbele ya maporomoko, kwa sababu ngazi haikuwatosha. Nilikaa nikitazama taa za mashine zikiwaka, moja kisha nyingine, picha ilipokuwa ikiandikwa, nzima kwenye diski hii na nzima kwenye ile.